UZI MAALUM: Sindano ya kuyeyusha bonge la damu kwenye mshtuko wa moyo. Ichomwe kabla ya rufaa, siyo baada

Dk_Kifuani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa madaktari, matabibu, manesi na wafamasia walioko hospitali za wilaya na mikoa, pamoja na msomaji yeyote mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani anayetaka kuelewa. Hoja yangu ni moja. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo aliyeko mbali na Cathlab (chumba cha kuzibua mishipa ya moyo kwa waya) achomwe dawa ya kuyeyusha bonge pale pale alipofikia, rufaa ifuate. Mara nyingi mambo huenda kinyume: barua inaandikwa kwanza, gari linatafutwa, dereva anapigiwa simu, mafuta yanajazwa, na muda wote huo msuli wa moyo unakufa.

Tuanze na dawa yenyewe. Bonge la damu hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini. Kwenye damu yetu kuna plasminojeni ambayo ikiamshwa inageuka kuwa plasmini, na plasmini ndiyo inayokata hizo nyuzi. Dawa tunazozungumzia (streptokinasi, alteplasi, tenekteplasi, reteplasi) kazi yake ni kuiamsha plasminojeni. Aspirini na klopidogreli ni kitu kingine, zinazuia chembe sahani zisigandamane. Heparini, enoksaparini na warfarini zinazuia bonge lisiendelee kukua. Hakuna hata moja kati ya hizo tano inayoyeyusha bonge lililokwishaziba mshipa, ingawa huku mtaani zote zinaitwa "dawa za kuyeyusha damu".

Streptokinasi ndiyo kongwe. William Tillett aliigundua Marekani mwaka 1933 kutokana na bakteria wa jamii ya streptokokasi. Ushahidi mkubwa ulikuja miaka ya themanini. Utafiti wa GISSI wa Italia, 1986, wenye wagonjwa 11,806, ulionyesha vifo ndani ya siku 21 vikishuka kutoka asilimia 13 hadi 10.7. ISIS-2 ya 1988 ilikuwa na wagonjwa 17,187. Wasiopewa chochote walikufa asilimia 13.2 ndani ya wiki tano kwa sababu za moyo na mishipa, waliopewa streptokinasi pamoja na aspirini asilimia 8. Someni hapo mara mbili: aspirini ya bei ya chini kabisa, ikiungana na dawa ya tangu 1933, iliokoa watu watano katika kila mia.

Sasa saa. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aingie. Ikionyesha mshtuko wa moyo wenye ST iliyopanda (ST ni kipande cha mchoro wa ECG), jiulize: je, ndani ya dakika 120 kuanzia sasa waya utakuwa umepita kwenye mshipa ulioziba? Ukiwa Dar es Salaam karibu na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na umeshapiga simu wakakwambia mtambo uko tayari, mpeleke. Ukiwa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, swali limejijibu. Choma dawa. Mwongozo wa Ulaya unataka sindano iingie ndani ya dakika 10 tangu ugonjwa utambuliwe, na kipimo cha zamani cha Marekani ni dakika 30 tangu mgonjwa avuke mlango. Dawa inatolewa hadi saa 12 tangu maumivu yaanze, ila faida kubwa iko kwenye saa mbili tatu za mwanzo. Kadiri saa zinavyokwenda bonge linakuwa gumu na msuli wa kuokoa unakuwa haupo tena.

Karibuni muongezee.

---

Kanula_Kijani

Daktari umefungua vizuri. Mimi niweke upande wa uuguzi kwa streptokinasi, maana ndiyo iliyopo sehemu nyingi.

Kabla ya kugusa kichupa weka kanula mbili, moja kila mkono, namba 18 ikiwezekana. Moja ni ya dawa, nyingine ya maji na dharura. Chukua damu yote ya vipimo sasa hivi: wingi wa damu, chembe sahani, figo, sukari, kundi la damu. Mpira wa mkojo au mpira wa puani, kama kweli unahitajika, uwekwe sasa. Dawa ikishaanza, kila tundu jipya ni chemchemi ya damu. Sindano za msuli ni marufuku kabisa. Usimchome diklofenaki ya makalio kwa ajili ya maumivu, mpe morfini kidogo kidogo kwenye mshipa.

Dozi ya moyo ni yuniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60. Chukua mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ingiza kwenye kichupa ukielekeza sindano ukutani mwa kioo, siyo juu ya unga. Kisha zungusha na kuinamisha taratibu. USITIKISE. Ukitikisa, protini inatoa povu na kuganda vinyuzinyuzi, hapo umeshapoteza sehemu ya dawa. Ukiona vipande vikubwa vinaelea, usitumie. Hamishia kwenye dripu ya chumvi ya mililita 100 na uanze mara moja.

Kama pampu hakuna, hesabu matone. Seti ya kawaida ya matone 20 kwa mililita: mililita 100 kwa saa moja ni matone 33 hivi kwa dakika, kwa dakika 45 ni matone 44. Seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita: matone 100 kwa dakika kwa saa moja. Hesabu kwa saa ya ukutani dakika nzima, usikadirie kwa macho.

Presha pima kila dakika 5 wakati dawa inaingia. Tatizo la kwanza la streptokinasi ni presha kushuka, na mara nyingi inashuka kwa sababu dripu inakwenda kasi. Ikishuka, punguza au simamisha dripu, inua miguu, mpe maji mililita 250 kama mapafu hayajajaa, presha ikirudi endelea kwa mwendo wa polepole. Wengi wanasimamisha na kutupa dawa iliyobaki wakidhani ni mzio. Presha kushuka peke yake siyo mzio. Mzio una vipele, kuwashwa, kifua kubana na kupiga miluzi, uso au ulimi kuvimba. Hapo ndipo unasimamisha moja kwa moja na kutibu mzio.

Mashine ya kushtua moyo iwe imewashwa pembeni ya kitanda, siyo chumba cha pili.

---

Mfamasia_Zamu

Naongezea tofauti za dawa, kwa sababu makosa mengi yanaanzia kabatini.

Streptokinasi haichagui. Inaamsha plasminojeni kwenye damu yote, na fibrinojeni (malighafi ya fibrini) inabaki chini kwa siku nzima au zaidi. Kwa vile inatokana na bakteria, mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake kuanzia siku chache baada ya kuipata, na zinakaa miaka. Kwa hiyo mgonjwa aliyewahi kuipata asirudiwe streptokinasi, hata akirudi na mshtuko mwingine baada ya mwaka. Atumie dawa nyingine ya kundi hili. Hii iandikwe kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe.

Alteplasi inapendelea plasminojeni iliyoshikana na fibrini. Nusu ya dawa inaondoka kwenye damu ndani ya dakika kama 5, ndiyo maana inahitaji dripu. Kwa moyo: miligramu 15 kwa mkupuo, halafu miligramu 0.75 kwa kilo ndani ya dakika 30 (isizidi 50), halafu miligramu 0.5 kwa kilo ndani ya dakika 60 (isizidi 35). Mtu wa kilo 60 atapata 15, kisha 45, kisha 30, jumla 90. Mtu wa kilo 80 anagonga ukomo wa 100. GUSTO ya 1993, wagonjwa 41,021, ilionyesha njia hii ina vifo asilimia 6.3 dhidi ya takribani 7.3 ya streptokinasi, ila na ongezeko dogo la kuvuja damu kichwani.

Tenekteplasi ni alteplasi iliyorekebishwa ikae muda mrefu kwenye damu, hivyo inachomwa mara moja tu, sekunde 5 hadi 10. Dozi ya moyo ni kwa uzito:

chini ya kilo 60: miligramu 30 (mililita 6)
60 hadi chini ya 70: miligramu 35 (mililita 7)
70 hadi chini ya 80: miligramu 40 (mililita 8)
80 hadi chini ya 90: miligramu 45 (mililita 9)
90 na kuendelea: miligramu 50 (mililita 10)

Mililita hizo ni kwa dawa iliyochanganywa kufikia miligramu 5 kwa mililita. Mwenye miaka 75 au zaidi anapewa NUSU. Utafiti wa STREAM ulilazimika kupunguza hivyo katikati ya safari kwa sababu ya kuvuja damu kichwani kwa wazee.

Jambo moja linalosahaulika: tenekteplasi haipatani na dripu ya sukari. Ikikutana na dekstrosi kwenye mrija, inaganda unga mweupe. Kama mrija ulikuwa na dekstrosi, usafishe kwa maji ya chumvi kwanza, choma dawa, safisha tena. Alteplasi nayo usiichanganye na sukari.

Hatari ya jina: vifupisho "tPA" (alteplasi) na "TNK" (tenekteplasi) vikiandikwa kwa mkono wa haraka vinachanganywa, na dozi zake haziko karibu kabisa. Miligramu 90 za alteplasi na miligramu 90 za tenekteplasi ni vitu viwili tofauti, ya pili ni karibu mara mbili ya ukomo. Andika jina zima la dawa. Daima.

---

Msomaji_wa_Kando

Shukrani sana wakuu. Mimi siyo wa afya ila nafuatilia. Kwa nini basi kila mwenye maumivu ya kifua asichomwe hii dawa tu, kama inaokoa hivyo?

---

Dk_Kifuani

Swali zuri mkuu, na wapo wa afya pia wanaojikwaa hapo.

Kwanza, dawa inafaa kwa aina moja ya mshtuko wa moyo: ule ambao mshipa umeziba kabisa na ECG inaonyesha ST imepanda. Kipimo ni mraba mdogo mmoja wa karatasi ya ECG au zaidi kwenye lidi mbili zinazopakana (lidi ni pande ambazo ECG inautazama moyo, kama V1, V2, V3). Kwa V2 na V3 tunadai zaidi: miraba miwili kwa mwanaume wa miaka 40 na kuendelea, miwili na nusu kwa aliye chini ya 40, mmoja na nusu kwa mwanamke. ST ikiwa imeshuka, au ECG ni ya kawaida huku troponini (protini ya msuli wa moyo ulioumia) iko juu kwenye damu, dawa hii haisaidii, inabaki hatari ya kuvuja damu peke yake. Angalizo moja: ST iliyoshuka V1 hadi V3 inaweza kuwa mshtuko wa nyuma ya moyo. Weka lidi V7 hadi V9 mgongoni kabla hujamwacha.

Pili, vipo vinavyofanana. Kijana mwenye asili ya Afrika mwenye afya njema mara nyingi ana ST iliyoinuka kidogo kiasili, imepinda kama tabasamu, na haibadiliki ukirudia ECG baada ya dakika 15. Mwenye presha ya miaka mingi moyo umenenepa, naye ST yake inapanda V1 hadi V3. Uvimbe wa utando wa moyo unapandisha ST karibu lidi zote, maumivu yanazidi akilala chali na kupungua akiinama mbele. Ukimpa huyu dawa anaweza kuvuja damu ndani ya utando na moyo ukabanwa.

Anayetisha kuliko wote ni mwenye mshipa mkuu wa aota uliochanika. Maumivu yanaanza ghafla kwa ukali wake wote, yanapasua kuelekea mgongoni, presha ya mikono inatofautiana zaidi ya 20. Pima presha MIKONO YOTE kabla ya sindano. Inachukua dakika moja, na kwa mgonjwa huyo dawa ni kifo.

---

Tabibu_Wilaya

Mkuu naomba orodha ya haraka ya nani asipewe. Na mgonjwa akija na presha 190/115 tunafanyaje, maana ndio wengi wetu?

---

Dk_Kifuani

Asipewe kabisa: aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo wakati wowote maishani, au kupata kiharusi kisichojulikana aina yake. Kiharusi cha kuziba ndani ya miezi 6 (Wamarekani wanasema 3). Uvimbe au mishipa mibovu ya ubongo. Ajali kubwa, upasuaji mkubwa au jeraha la kichwa ndani ya mwezi. Kutapika damu au choo cheusi ndani ya mwezi. Ugonjwa wa damu kutoganda. Aota iliyochanika. Aliyechomwa sindano ya uti wa mgongo au kukatwa kipande cha ini ndani ya saa 24.

Wa kupima uzito: anayetumia warfarini, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki moja, vidonda vya tumbo vinavyouma sasa, ini lililochoka sana, aliyesukumwa kifua muda mrefu. Hedhi siyo kizuizi. Kisukari siyo kizuizi. Kusukumwa kifua dakika chache siyo kizuizi.

Presha 190/115 ni ya kushusha, siyo ya kumfukuza. Mpe morfini kwa maumivu, nitrati chini ya ulimi (asiwe ametumia sildenafili ndani ya saa 24, na mshtuko usiwe wa upande wa kulia wa moyo), au labetaloli kwenye mshipa ukiwa nayo. Ikishuka chini ya 180/110, choma. Wengi hushuka maumivu yakitulia tu. Ikikataa kabisa kushuka, zungumza na daktari wa moyo kwa simu.

Na dawa za pembeni msizisahau: aspirini miligramu 300 ATAFUNE, asimeze nzima. Klopidogreli miligramu 300, ila akizidi miaka 75 mpe 75 tu. Enoksaparini miligramu 30 kwenye mshipa, kisha ndani ya dakika 15 miligramu 1 kwa kilo chini ya ngozi kila saa 12, dozi mbili za kwanza zisizidi 100 kila moja. Aliyezidi miaka 75 asipewe ile ya mshipani, na ya ngozi iwe 0.75 kwa kilo. Figo zikiwa zimechoka sana, kila saa 24 badala ya 12. Bila hizi, mshipa uliozibuka unaziba tena.

---

Kanula_Kijani

Baada ya dawa: rudia ECG dakika ya 60 na ya 90. Tazama ile lidi iliyokuwa imepanda kuliko zote. Ikishuka nusu au zaidi na maumivu yakaisha, mshipa umefunguka. Katikati hapo mnaweza kuona moyo unapiga mapigo mapana ya taratibu, 60 hadi 110 kwa dakika, yanakuja na kuondoka. Presha ikiwa nzuri MSIYATIBU. Ni dalili kwamba damu imerudi. Mtu akimkimbilia na lignokaini (dawa ya kutuliza mapigo) anaweza kusimamisha moyo.

Ikiwa haijashuka nusu, dawa imeshindwa, mgonjwa aende Cathlab sasa hivi. Hata iliyofaulu, aende kwenye kipimo cha mishipa ndani ya saa 2 hadi 24. Dawa inayeyusha bonge, haiondoi mafuta yaliyopasuka ukutani mwa mshipa.

Tundu zote zilizochomwa, bana kwa mkono dakika 10 bila kufungua kuchungulia.

---

Neuro_Zamu

Naomba niingilie upande wa kiharusi, kwa sababu naona hatari ya mtu kuchukua dozi za juu huko na kuzipeleka kwenye ubongo.

Streptokinasi kwenye kiharusi HAITUMIKI. Ilijaribiwa miaka ya tisini na tafiti zikasimamishwa kwa sababu ya kuvuja damu na vifo. Alteplasi dozi ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90: asilimia 10 kwa mkupuo wa dakika moja, iliyobaki kwa dakika 60. Mtu wa kilo 70 ni jumla 63, mkupuo 6.3, dripu 56.7. Kichupa kina 50 au 100, kwa hiyo TOA kilichozidi na ukimwage kabla ya kufunga dripu, vinginevyo mtu atasahau na mgonjwa apate yote. Dripu ikiisha, kuna dawa imebaki kwenye mrija. Sukuma kwa maji ya chumvi kwa mwendo ule ule.

Tenekteplasi kwa kiharusi ni miligramu 0.25 kwa kilo, ukomo ni 25. Linganisha na ukomo wa moyo ambao ni 50. Mtu wa kilo 90 akipewa dozi ya moyo kwa kiharusi, amepata zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana siku hizi kuna kichupa cha miligramu 25 mahsusi kwa kiharusi. Kabati la dharura litenganishe vichupa hivyo, rafu mbalimbali.

Masharti: ndani ya saa 4.5 tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima (aliyeamka nacho, hesabu tangu alipolala), CT scan imeonyesha hakuna damu, sukari imepimwa maana sukari iliyoshuka inaiga kiharusi, presha chini ya 185/110 kabla na chini ya 180/105 kwa saa 24 baada. Aspirini na heparini HAPANA hadi CT scan ya pili baada ya saa 24. Kwenye moyo aspirini inatangulia, kwenye kiharusi inasubiri.

Kwenye utafiti wa NINDS wa 1995 waliopewa alteplasi walivuja damu kichwani yenye dalili kwa asilimia 6.4, dhidi ya 0.6. Hata hivyo waliobaki bila ulemavu walikuwa wengi zaidi. Ndugu waelezwe namba zote mbili.

Na anayetumia vidonge vya presha vya jamii ya kaptoprili, enalaprili, lisinoprili: tazama ulimi na midomo wakati alteplasi inaingia na saa moja mbili baada. Inaweza kuvimba, mara nyingi upande mmoja, na kuziba njia ya hewa.

---

Mapafu_Salama

Upande wa bonge la mapafu kwa kifupi. Siyo kila bonge la mapafu linayeyushwa. Anayestahili ni ambaye namba ya juu ya presha yake iko chini ya 90, au imeshuka kwa 40 zaidi ya dakika 15 bila sababu nyingine. Alteplasi 100: 10 kwa mkupuo, 90 kwa saa 2. Streptokinasi: milioni 1.5 kwa saa 2, au laki mbili na nusu kwa dakika 30 kisha laki moja kila saa kwa saa 12 hadi 24. Moyo ukiwa umesimama na unashuku bonge, alteplasi 50 kwa mkupuo na endelea kusukuma kifua angalau dakika 60 hadi 90, usikate tamaa mapema.

Wenye presha nzuri ila chumba cha kulia cha moyo kimetanuka, wabaki kwenye heparini na waangaliwe kwa karibu. Utafiti wa PEITHO wa 2014 (wagonjwa 1,005) uliwapa tenekteplasi: wachache zaidi waliporomoka, ila waliovuja damu na kupata kiharusi waliongezeka.

Bonge la mguu: heparini, kisha vidonge. Hayeyushwi mtu kwa bonge la mguu isipokuwa mguu wenyewe unakufa.

---

Mfamasia_Zamu

Kuna kundi lingine ambalo kwetu ni kubwa: waliobadilishiwa vali ya chuma kwa ajili ya rumatiki, wakakatisha warfarini, vali ikaziba. Dalili ni pumzi kukata na ule mlio wa "tik tik" kufifia. Hapa dozi ya mshtuko wa moyo haifai, inaweza kumega bonge likarukia ubongo. Dripu ni ya taratibu bila mkupuo: alteplasi miligramu 25 kwa saa 6, kisha kipimo cha ekokadiografia, inarudiwa ikihitajika. Ni kazi ya kituo cha moyo, siyo ya wilaya. Wilaya impeleke haraka.

---

Mama_Kisutu

Wataalamu, Mungu awabariki. Baba yetu ana presha na sukari. Tunaambiwa kitunguu swaumu na tangawizi vinayeyusha damu. Na je, akibanwa kifua usiku nimpe nini nyumbani?

---

Dk_Kifuani

Mama, kitunguu swaumu na tangawizi ni chakula kizuri, aendelee navyo kwenye mboga. Haviwezi kufungua mshipa wa moyo ulioziba, na kila nusu saa inayopotea kusubiri vifanye kazi ni msuli wa moyo unaopotea.

Akibanwa kifua katikati, kama kimewekewa mzigo, maumivu yakapanda shingoni, taya au mkono wa kushoto, jasho la baridi likatoka, na yakapita dakika 15: mkalishe, mpe aspirini miligramu 300 atafune (zile ndogo za 75 ni vidonge vinne) kama hana mzio nayo na hajatapika damu karibuni, na muondoke kwenda hospitali yenye ECG saa hiyo hiyo. Wenye kisukari wakati mwingine hawana maumivu, wanakata pumzi tu, wanatoka jasho na kutapika. Wasisingiziwe vidonda vya tumbo.

Ila mdomo ukipinda, mkono ukakosa nguvu au maneno yakagoma, hicho ni kiharusi. USIMPE aspirini nyumbani, kwa sababu huwezi kujua kama ni mshipa ulioziba au uliopasuka. Angalia saa, ikariri, mkimbizeni kwenye CT scan.

Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko. Daktari akiona warfarini mapema ameokoa muda.

---

Tabibu_Wilaya

Swali la mwisho kutoka kwangu. Akivuja damu kichwani tukiwa huku na CT scan haipo?

---

Neuro_Zamu

Kwenye dawa ya moyo hutokea kwa takribani mgonjwa mmoja katika mia, wengi ndani ya saa 24 za mwanzo. Dalili: kichwa kuuma ghafla, kutapika, presha kuruka, usingizi mzito, upande mmoja kulegea. Usisubiri picha ili uchukue hatua. Simamisha dawa, simamisha heparini au enoksaparini, mpe protamini (ya kupunguza nguvu ya heparini) kama ipo. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Traneksamiki asidi gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, hiyo mnayo wodi ya wazazi kwa ajili ya akina mama wanaovuja damu, ikopeni. Penye benki ya damu, krayo (sehemu ya damu yenye fibrinojeni nyingi) yuniti 10, lengo fibrinojeni ivuke 150. Ikikosekana, plazma mbichi iliyogandishwa. Halafu rufaa yenye nesi ndani ya gari.

---

Kanula_Kijani

Tukishafika kwenye rufaa, barua ya mgonjwa aliyechomwa iwe na haya, maana Cathlab wanayatafuta na mara nyingi hayapo: saa maumivu yalipoanza, saa ya ECG ya kwanza, jina zima la dawa, dozi, saa ilipoanza na kuisha, kama ilisimamishwa katikati na kwa nini, enoksaparini ilichomwa saa ngapi, ya mshipa na ya ngozi kila moja, aspirini na klopidogreli kiasi gani, uzito uliotumika kwenye hesabu, na kama ulipimwa au ulikadiriwa. Ambatanisha ECG ZOTE MBILI, ya kabla na ya dakika 90, zenye jina na saa kwa kalamu. Karatasi ya ECG inafifia kwa joto, kwa hiyo ipigeni picha kwa simu na muitume mbele kabla gari halijaondoka.